Barua ya Wazi kwa Kamishna na Wamiliki wa Timu za NFL: Aliyeumia Asiendelee Kubeba Mzigo wa Ushahidi

Kwa Mheshimiwa Roger Goodell, Kamishna wa Ligi ya Taifa ya Futiboli ya Marekani (NFL). Kwa waheshimiwa wamiliki wa timu zote 32, wakiwemo wanahisa wa Green Bay. Na kwa viongozi wa chama cha wachezaji.

YAH: USALAMA WA WACHEZAJI, NA NANI ANAYEPASWA KUTHIBITISHA MADHARA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 17 ninaishi na kufanya kazi Texas, jimbo ambalo Ijumaa usiku mji mzima huhamia uwanjani kuwatazama wanafunzi wa sekondari wakicheza mchezo ambao kilele chake ni ligi yenu. Kazi yangu ni kuwahudumia watu waliopotewa na kumbukumbu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 14 anayeota kuvaa jezi ya shule yake msimu ujao, na juu ya meza ya chakula nyumbani kwangu ipo fomu ya ridhaa ya mzazi ambayo sijaitia saini. Siandiki kama adui wa mchezo huu. Nimekaa viwanjani, nimeshangilia mpaka sauti ikanikauka, na ninaujua uzuri wa pasi inayosafiri yadi 50 hewani na kutua mikononi mwa mtu anayekimbia kwa kasi yake yote.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mwaka 2013 Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts kabla hajawahi kucheza mchezo huu hata siku moja, na mwaka 2023 mlipeleka Nairobi kambi yenu ya kutafuta vipaji. Huku Marekani kwenyewe, watoto wa familia zilizokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanajiunga na timu za shule, na wazazi wao, ambao wengi husoma Kiswahili kwa wepesi kuliko Kiingereza, hutia saini karatasi wasizozielewa. Mkiwa na watu wa kuja kuwatafuta vijana wetu, basi mnao pia watu wa kuwatafsiria barua za wazazi wao.

Jambo ninalotaka kuwaambia ni moja, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ushahidi wake umetawanyika katika miaka mingi. Tangu mgogoro huu wa vichwa vya wachezaji uanze, aliyeumia ndiye ameachiwa kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia, na kwamba kilichomuumiza ni mchezo. Anayepata faida hadaiwi chochote mpaka aliyepata hasara alete uthibitisho, na mara nyingi uthibitisho huo umepatikana mezani pa daktari anayepasua maiti. Naomba mzigo huo uhamie kwenu.

Katika nyumba ya kutunzia wazee nilikowahi kufanya kazi alikuwapo mzee mmoja aliyecheza futiboli chuo kikuu kwa miaka minne, katika safu ya mbele, pale ambapo wanaume wawili wenye kilo zaidi ya mia kila mmoja hugongana tangu mpira unaporushwa nyuma mpaka filimbi inapolia. Hakuwahi kufika kwenye ligi yenu. Nilipomkuta alikuwa hajatimiza miaka 65, mwili wake ungali umejaa mlango, na alikuwa hamtambui tena mkewe. Jioni, jua likianza kuzama, alikuwa akishuka kitandani, anainama, anaweka vidole vya mkono mmoja sakafuni kama mtu anayesubiri mchezo uanze, kisha anauvamia ukuta kwa bega. Wauguzi tulijifunza kutomzuia kwa nguvu. Tulikuwa tunamwekea mto ukutani.

Mkewe alikuja kila Jumapili na faili lililojaa picha za ubongo, barua za mawakili na majibu ya chuo alikosoma mumewe, chuo ambacho sitakitaja. Kila jibu lilimtaka alete uthibitisho zaidi. Siku moja, tukiwa tunambadilishia mzee mashuka, aliniuliza kama nadhani watamwamini mumewe akishakufa. Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lililonifanya nianze kuisoma historia yenu, na nikakuta kwamba wake wengi walikwisha kuliuliza kabla yake.

Nianze na Mike Webster, aliyekuwa senta, yaani mchezaji wa katikati ya safu ya mbele, wa Pittsburgh Steelers. Alicheza misimu 17, akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi yenu, mara nne, na alipostaafu akili yake ilichanganyikiwa kiasi kwamba kuna nyakati alilala ndani ya gari lake. Mwaka 1999 bodi ya mafao ya wachezaji ilikubali kwamba ulemavu wake ulitokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata akicheza. Nawaomba mtulie hapo kidogo. Bodi hiyo, iliyokuwa na wawakilishi wa wamiliki na wa wachezaji, ilikwisha kuandika hivyo, ilhali kamati ya ligi kuhusu majeraha ya ubongo, iliyoundwa mwaka 1994 chini ya daktari bingwa wa magonjwa ya viungo na baridi yabisi, iliendelea kutoa makala za kuwatuliza watu. Moja ya makala hizo, ya mwaka 2005, ilisema kwamba kumrudisha mchezaji uwanjani baada ya mtikisiko wa ubongo, hata katika mechi ile ile, hakuleti hatari kubwa. Webster alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50. Familia yake ilibidi iende mahakamani kudai mafao ambayo alistahili kuyapata mapema zaidi.

Aliyeuchunguza ubongo wake ni Dakta Bennet Omalu, mtoto wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya uchunguzi wa vifo huko Pittsburgh. Nje ubongo ulionekana wa kawaida, lakini alipoukata vipande vyembamba na kuviweka chini ya darubini aliona protini iliyorundikana mahali isipopaswa kuwa, dalili ya maradhi ambayo sasa dunia inayajua kwa herufi CTE, maradhi ya ubongo kuoza polepole kwa sababu ya kugongwa mara nyingi kwa miaka mingi. Alichapisha matokeo yake mwaka 2005. Wajumbe wa kamati yenu waliandika kutaka makala yake iondolewe. Makala haikuondolewa, ila mlikuwa mmeshaonyesha desturi yenu: mtu aliyeleta ushahidi ndiye aliyefanywa mshitakiwa.

Oktoba mwaka 2009, Mheshimiwa Kamishna, uliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mbunge mmoja akaifananisha ligi yako na kampuni za sigara za zama zile zilipokana kwamba moshi unaua. Miezi miwili baadaye msemaji wa ligi alikiri kwamba mitikisiko ya ubongo inaweza kuleta madhara ya muda mrefu. Lakini ilikuwa Machi 2016 ndipo kiongozi wenu wa mambo ya afya na usalama alipoulizwa na wabunge kama kuna uhusiano kati ya futiboli na CTE, akajibu kwamba ndiyo, upo. Tangu kifo cha Webster mpaka jibu hilo ni zaidi ya miaka 13. Katika miaka hiyo kuna watoto walioanza kucheza wakiwa na miaka minane na kumaliza sekondari bila mtu yeyote mwenye mamlaka kuwaambia wazazi wao neno hilo fupi.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa walioficha walikuwa wengine, na walioumbuliwa na kifo walikuwa wengine. Ugonjwa huu mpaka leo huthibitishwa kwa uhakika baada ya mtu kufa tu, na jambo hilo limewasukuma baadhi ya wachezaji kwenye uamuzi ambao nikiufikiria hunikosesha usingizi. Dave Duerson, bingwa wa Super Bowl akiwa na Chicago Bears, alikuwa mjumbe wa jopo lililopitia maombi ya mafao ya ulemavu ya wachezaji wenzake, kwa hiyo aliujua mlango huo kwa ndani, aliwaona watu wakiombwa karatasi juu ya karatasi. Februari 2011, akiwa na miaka 50, alijitoa uhai kwa namna iliyouacha ubongo wake salama, akiwa ameacha maombi kwamba upelekwe kuchunguzwa. Ulichunguzwa, na CTE ikapatikana. Mwaka uliofuata Junior Seau, mmoja wa walinzi waliopendwa kuliko wote, naye alifariki kwa namna kama hiyo akiwa na miaka 43, na matokeo yakawa yale yale. Mimi nimefanya kazi na wagonjwa wengi, lakini sijawahi kusikia kazi nyingine ambamo mfanyakazi aliona kwamba risiti pekee itakayokubaliwa ni kichwa chake mwenyewe.

Chuo Kikuu cha Boston kilitangaza mwaka 2023 kwamba katika wachezaji 376 wa zamani wa NFL ambao bongo zao zimechunguzwa huko, 345 walikutwa na CTE. Nakiri, kwa sababu haki inadai nikiri, kwamba bongo hizo hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Familia hutoa ubongo wa mpendwa wao pale zilipokwisha kuona mambo hayaendi sawa. Kwa hiyo hesabu hiyo haituambii ni wachezaji wangapi walio hai wanaugua. Watetezi wenu hupenda kuishia hapo. Lakini mwaka huo huo kituo hicho kilitoa matokeo ya wachezaji 152 wa michezo ya kugongana waliofariki kabla ya kutimiza miaka 30, na 63 kati yao walikuwa tayari na ugonjwa huu, wengi wao wakiwa hawakuvuka kiwango cha ridhaa. Mama mwenye fomu mezani hahitaji kujua asilimia kamili ili aelewe kwamba kuna jambo la kuogopa. Anayehitaji kuitafuta asilimia hiyo kwa bidii na kwa fedha zake ni yule anayeuza tiketi.

Makubaliano ya fidia nayo yalibeba desturi ile ile. Mwaka 2013 mlikubali kulipa dola milioni 765, na ni jaji aliyekataa kiwango hicho kwa kuhofia kwamba hakingetosha, ndipo ukomo ukaondolewa. Malipo yamekwisha kupita dola bilioni moja. Mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa vipimo. Kwa waliofariki baada ya Aprili 22, 2015, kukutwa na CTE peke yake hakuhesabiki. Watetezi wa makubaliano walisema fidia ielekezwe kwenye dalili za walio hai, na ningeweza kuikubali hoja hiyo kama walio hai wangepimwa kwa haki. Hawakupimwa kwa haki. Vipimo vya akili vilitumia marekebisho ya rangi, yaani mchezaji mweusi alichukuliwa kwamba alianza na uwezo mdogo wa akili kuliko mweupe, hivyo ili aonekane ameharibika ilibidi aharibike zaidi. Wachezaji wawili wa zamani wa Steelers, Kevin Henry na Najeh Davenport, ndio waliofungua kesi mwaka 2020, na mwaka uliofuata ligi ikaahidi kuuacha utaratibu huo. Katika ligi ambayo wachezaji wake wengi ni weusi, utaratibu huo ulipita mikononi mwa mawakili na madaktari wengi bila mmoja wao kusimama na kusema hapana. Naandika haya nikiwa mama wa mtoto mweusi, na nimeyaandika mara tatu nikifuta kwa sababu kila mara hasira ilinizidi adabu.

Mtasema hayo yamepita, na kwamba sasa kila mechi ina wataalamu wa afya wapatao 30 pamoja na madaktari wa ubongo wasioajiriwa na timu. Ni kweli, na nawashukuru. Usiku wa Januari 2, 2023, huko Cincinnati, Damar Hamlin wa Buffalo Bills alimkaba mpinzani, akasimama, kisha akaanguka moyo wake ukiwa umesimama. Niliitazama mechi ile nikiwa zamu ya usiku, na sisi tuliokuwa chumba cha wauguzi tulihesabu sekunde kwa midomo iliyokauka. Waliomfikia walijua la kufanya, walikuwa wamelifanyia mazoezi, vifaa vilikuwapo, na kijana yule yu hai na alirudi kucheza. Usiku ule haukuwa na mtu aliyemtaka Hamlin athibitishe kwanza kwamba anaumwa. Mzigo ulikuwa juu ya waliokuwa wamesimama, na waliubeba vizuri.

Lakini miezi mitatu tu kabla ya hapo, katika uwanja ule ule, dunia iliona sura nyingine. Tua Tagovailoa, aliyekuwa kwotabeki, yaani mrusha pasi, wa Miami Dolphins, Septemba 25, 2022, huko Miami, alisukumwa kichwa chake kikapiga chini, akainuka, akatikisa kichwa, akayumba, magoti yakamlegea mbele ya kamera zote. Ikaelezwa kwamba ni mgongo. Akarudi kipindi cha pili. Siku nne baadaye, huko Cincinnati, aliangushwa tena na vidole vyake vikakakamaa hewani usoni pake, akaondolewa kwa machela. Uchunguzi wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji ulisema utaratibu ulifuatwa kama ulivyoandikwa, ila matokeo hayakuwa yale yaliyokusudiwa, na ndipo kuyumba kwa mchezaji kukaongezwa katika dalili zinazomzuia kurudi uwanjani. Mimi nawauliza kama muuguzi: mtu akigonga kichwa na kuyumba, tangu lini maelezo yake mwenyewe kuhusu mgongo yakawa na nguvu kuliko macho ya daktari? Mchezaji ambaye kandarasi yake kwa sehemu kubwa haina dhamana, na ambaye nafasi yake inasubiriwa na vijana wengi, akiulizwa kama yuko sawa atasema yuko sawa. Kumuuliza ni kumtaka ashuhudie dhidi ya ugali wa watoto wake. Septemba 2024 Tua aliumia kichwa tena, safari hiyo katika kugongana na Damar Hamlin yule yule.

Sasa nije kwenye hesabu mnayojivunia, maana hapa ndipo naona kosa kubwa zaidi la sasa. Mmetangaza kwamba katika msimu wa 2024 mitikisiko ya ubongo iliyogunduliwa ilikuwa 182, ikiwa imeshuka kutoka 219 ya mwaka uliotangulia, na kwamba hicho ndicho kiwango cha chini kabisa tangu mwaka 2015. Sheria mpya ya pigo la kuanzia mchezo, kofia laini zinazovalishwa juu ya helmeti mazoezini, na marufuku ya kumkaba mtu kwa kumwangukia miguuni kwa nyonga, yote hayo ni mema. Lakini utafiti wa mwaka 2023 uliohusisha wachezaji 631 waliofariki na kuacha bongo zao kwa uchunguzi ulionyesha kwamba kinachobashiri CTE ni jumla ya nguvu ya vikumbo vyote alivyopata mtu maishani, na idadi ya mitikisiko iliyogunduliwa haikuibashiri. Yaani vile vikumbo vya kawaida, ambavyo baada yake mtu husimama, akajipangusa na kurudi kwenye mstari, ndivyo vinavyorundikana. Ni kama shinikizo la damu, ambalo mgonjwa halihisi mpaka siku linapomwangusha. Mzee wangu wa kwenye ukuta, kwa mujibu wa mkewe, hakuwahi kuzirai uwanjani hata mara moja.

Hospitalini, mtu anayefanya kazi kwenye chumba cha eksirei huvaa kifuani beji ndogo inayopima mionzi aliyopokea. Hatumuulizi kama anajisikia vizuri. Beji hukusanywa, husomwa, huandikwa, na akikaribia kikomo kilichowekwa na sheria, mwajiri ndiye anayewajibika kumwondoa kwenye chumba hicho. Mfanyakazi akiugua miaka 20 baadaye, kumbukumbu zipo, na aliyezitunza ni mwajiri. Hilo ndilo ninaloliomba kwenu kuliko yote: kila mchezaji awe na beji yake. Teknolojia ipo, kwa sababu baadhi ya timu zenu zimekwisha kutumia vilinda meno vyenye vihisio vya kupima nguvu ya vikumbo, na raga ya kimataifa, ambayo wenzangu wa Kenya wanaijua vizuri, imeviingiza tangu Januari 2024 katika utaratibu wake wa kumtoa mchezaji uwanjani ili apimwe. Vifanyeni vya lazima mazoezini na kwenye mechi. Mpeni mchezaji hesabu yake mwenyewe kila mwisho wa msimu, kwa maandishi, itunzwe na taasisi isiyo ya timu wala ya ligi. Wekeni kikomo. Na mtu mwenye hesabu kubwa akianza kusahau majina ya watoto wake akiwa na miaka 48, ichukuliwe kwamba mchezo ndio uliomdhuru mpaka nyinyi mthibitishe vinginevyo.

Mkiweka hesabu hiyo mbele yenu, maswali mengine yatajibika yenyewe. Je, inawezekana kuongeza mechi ya 18, kama ulivyokwisha kuigusia hadharani, Mheshimiwa Kamishna, wakati mwaka 2021 tu mlitoka 16 kwenda 17? Je, mechi za Alhamisi kwa watu waliocheza Jumapili? Mazoezini mmekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kupunguza, maana tangu mkataba wa mwaka 2011 mazoezi ya kugongana kikamilifu hayazidi 14 katika msimu, na vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikuu vikongwe vya Marekani, vilikwenda mbele zaidi mwaka 2016 kwa kuondoa kabisa kukabana katika mazoezi ya msimu, vikifuata mfano wa Dartmouth, ambao walikuwa wakifanya mazoezi ya kukaba kwa midoli badala ya watu, na mchezo wao haukufa.

Kuhusu nyasi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wachezaji wenyewe wamelisema kwa sauti kubwa kuliko yangu. Chama chao kimeomba nyasi za asili katika viwanja vyote. Viwanja vyenu kadhaa vyenye nyasi bandia, pamoja na MetLife unaotumika na timu mbili za New York, vilichaguliwa kwa Kombe la Dunia la mwaka 2026 kwa sharti kwamba nyasi za asili zitandikwe. Kwa mgeni wa mwezi mmoja zinapatikana, kwa mwenyeji anayevunjika kifundo cha mguu kila msimu hazipatikani. Ligi yenye mapato ya zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka haiwezi kusema kwamba tatizo ni gharama.

Wapo watakaosema kwamba vurugu ndiyo asili ya mchezo huu, na anayeziogopa akacheze mpira wa meza. Historia ya mchezo wenyewe inawakanusha. Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walihesabiwa kufa katika msimu mmoja, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu viongozi wa mchezo kutoka Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata pasi ya kurusha mbele iliruhusiwa, umbali wa kusonga mbele ukaongezwa kutoka yadi tano hadi kumi, na lile rundo la watu kusukumana mpaka mmoja akanyagwe likaanza kufunguka. Ile pasi ya yadi 50 niliyoisifu mwanzoni mwa barua hii ilizaliwa na hofu ya mauti. Kwa hiyo msiwaambie watu kwamba usalama utaua uzuri wa mchezo, kwa kuwa usalama ndio ulioleta sehemu kubwa ya uzuri huo.

Mwisho nawasemea wale walio mbali na viwanja vyenu. Utafiti wa Boston wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kila mwaka wa kucheza futiboli ya kukabana huongeza uwezekano wa CTE kwa asilimia 30, hivyo mtoto anayeanza na miaka saba na yule anayeanza na miaka 14 hawabebi mzigo sawa. Tayari mnaitangaza futiboli ya bendera, isiyo na kukabana, na itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Basi semeni hadharani, kwa jina la ligi, kwamba mtoto mdogo acheze hiyo tu mpaka afike sekondari, na acheni kutoa fedha zenu kwa mashindano ya kukabana ya watoto wadogo. Nanyi chama cha wachezaji, ambao mna sauti mezani, msikubali mechi ya 18 kwa ongezeko lolote la mshahara kabla ya beji ninayoiomba. Na pale mtakaporudi Nairobi, au mtakapofika Dar es Salaam au Kampala kuwatafuta vijana wenye miili mikubwa na kasi, msiwape fomu yenye mstari mmoja unaosema mchezo una hatari ya majeraha hata kifo, kama ule ulio kwenye fomu ya mwanangu. Wapeni, kwa lugha ya mama zao, habari za Webster, za Duerson, za hesabu ya 345 kati ya 376 pamoja na upungufu wake, na za nini mtawalipa na nani atawatibu wakirudi nyumbani Kisumu au Tabora na vichwa visivyotulia usiku. Wakisikia yote hayo na bado wakataka kucheza, hiyo itakuwa ridhaa.

Mwanangu ameniuliza mara mbili wiki hii kama nimetia saini. Nimemwambia kwamba nimeandika barua na nasubiri majibu. Mazoezi ya timu yao yanaanza Agosti.

Wenu kwa heshima,

Mama Salim
Muuguzi, Houston, Texas

Nakala: Wazazi wanaosoma Kiswahili wenye watoto katika timu za futiboli za shule, Marekani, vyama vya raga na futiboli vya Kenya, Uganda na Tanzania.